Waya wa Juu Kule Kinamasini

Ranchi ya Bwana Kipimo,
Ng'ambo ya Magwagwa,
Alhamisi, 18 Agosti 1949.

Kwa ndugu yangu Yakub,

Salaam aleikum. Najua umeshaanza kucheka kwamba Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka anakuamkia kwa salamu za msikitini, lakini miaka minne tuliyolala hema moja jeshini ilinifundisha kuamkia na kuitikia, na sijasahau. U hali gani, ndugu yangu? Mama Hawo hajambo na magoti yake? Shemeji Ladan je, na yule mtoto, ameanza kutembea au bado anajikokota akila vifungo vya dukani? Mungu awatunze wote. Mimi ni mzima wa mwili. Nyanchera ni mzima, na watoto wetu watatu wanakula mpaka sufuria inalia. Huku mvua inanyesha kila alasiri bila kukosa, na kaka yangu ameniletea habari kwamba mahindi ya kwetu Ekerenyo yamesimama vizuri.

Basi, hali njema imeishia hapo. Yaliyobaki yote ni maudhi, nami nakuomba uyasome kwa mpangilio niliouandika. Usiruke kwenda chini kwanza kama unavyosoma barua za wale wanaokuuzia vitambaa. Huko chini kuna jambo, lakini ukilifikia kabla ya wakati wake utaikunja barua na kuniacha.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, nyapara wa seng'enge. Watu wa kwetu wakisikia nyapara wanadhani nakaa kivulini nikinyoosha kidole. Haya, na waje waone! Ua huu una urefu wa maili kumi na moja na kimo cha futi nane. Mimi na urefu wangu huu nikinyoosha mkono siugusi waya wa juu mpaka nipande kigoda. Nguzo ni za mwerezi, mistari ya waya ni kumi. Ya chini ina miba, na ule wa juu kabisa ni mnene na laini, nao ndio unaozivuta nguzo zote zisimame. Umejengwa ili wanyama wa porini wasichangamane na ng'ombe wa kizungu wa Bwana wakawaletea kupe na maradhi.

Sasa, Yakub, wanyama wenyewe hawakuambiwa. Ngiri anachimba chini. Muhanga anachimba zaidi, na shimo lake moja linapitisha ukoo mzima wa ngiri. Punda milia anajikuna kwenye nguzo mpaka inalala chini. Nyati hachimbi wala hajikuni, anapita tu kama mtu aliyechelewa kazini. Mchwa wanakula nguzo kutoka ndani. Kwa nje inakutazama nzima, ukiiegemea mnaanguka wote wawili. Halafu wachungaji wa jirani wanafumua waya wa chini ili mbuzi wao wapite, na ukiwauliza wanakuambia ni fisi. Fisi gani anayejua kukunja waya vizuri hivyo na kuuweka kando? Nikimaliza maili ya kumi na moja, maili ya kwanza imeshaharibika. Huu ni mwaka wa tatu, na sijauona ua huu ukiwa mzima wote kwa siku moja.

Juu ya hao wote yuko Bwana mwenyewe. Tulimpa jina Kipimo kwa sababu hatembei bila fimbo iliyotiwa alama, ya kupimia nafasi kati ya waya na waya. Mfukoni ana kibati chenye matundu madogo cha kupimia unene wa waya. Anafika, anaugonga waya kwa ukucha, anategea sikio kama daktari wa kifua, kisha anasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjia kuni kwamba imelegea. Ukikaza, anasema imekazwa sana. Mwezi wa tatu nilimweleza kwamba waya nao hunywea kwa baridi na kutanuka kwa jua, akaniuliza kama nimeajiriwa kueleza au kukaza. Nikakaza. Lakini sitamsingizia, si mtu wa kupiga watu.

Tuko wanne wa seng'enge, kila mmoja na kipande chake, na mimi nasimamia vyote. Kipande cha upande wa kinamasi ni cha Jethro. Huyo unamkumbuka, ndiye niliyekuja naye dukani mwaka jana, Msabato kamili, akakataa chai ya Ladan akaomba maji ya moto matupu. Ladan aliudhika, lakini mtu yule ni dhahabu. Haibi hata msumari uliopinda. Kosa lake kwa Bwana ni moja tu, kwamba Jumamosi hafanyi kazi hata umwekee bunduki kichwani. Anakwenda kanisani na mkewe Persis, anaimba mpaka jioni, na Jumapili anarudi kufanya kazi sisi tukipumzika. Ili mambo yasiharibike, mimi ndimi niliyekuwa nakikagua kipande chake kila Jumamosi. Tulipatana hivyo tangu mwanzo, na Bwana alilalamika akazoea.

Jumanne ya tarehe mbili mwezi huu, alfajiri, pofu waliruka ua pale kinamasini. Wewe mtu wa mjini pengine humjui pofu. Ni mnyama mzito kama fahali, lakini anaruka kama mbuzi aliyeona simba. Futi nane haziwezi, ila akipata pahali palipolegea kidogo juu, anajaribu. Walikuwa kumi na watatu. Wa kwanza aliugonga waya wa juu kwa miguu, ukakatika, mstari mzima ukalegea kutoka nguzo hadi nguzo, na wenzake wakapita kama wanaingia harusini. Ng'ombe wakashtuka wakakimbia ovyo. Yule fahali kijana aliyeletwa kwa meli kutoka kwao Bwana, ambaye ana blanketi lake na ndoo yake, akatumbukia mtaroni na kuvunjika mguu. Bwana alimpiga risasi mwenyewe, kisha akakaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila ile fimbo mkononi.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kinamasini na buti zake, pahali ambapo siku zote alikataa kuingia. Akaushika waya uliokatika, akatoa kile kibati. Akaona kwamba kati ya nguzo mbili waya mnene wa juu haupo. Mahali pake palikuwa na waya mwembamba, uliofungwa vizuri ncha zote mbili na kupakwa tope usijulikane kwa mbali. Na ncha za ule mnene zilikuwa zimekatwa kwa koleo, safi kabisa. Wachungaji hawana koleo. Koleo tunalo sisi wa seng'enge tu.

Akamwita Jethro na kumwuliza waya ulitoka lini. Jethro akasema hajui, kwamba kutoka ukingoni alikuwa anauona waya upo juu, naye hakuwahi kufikiri kuupanda. Akaulizwa kama anaukagua kila siku. Akajibu kila siku isipokuwa Sabato. Ewe Mola, laiti angeliacha lile neno la mwisho! Bwana alilipuka, akasema Sabato hiyo ndiyo inayoficha wezi. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama Jethro ana koleo. Nikasema ndiyo, analo. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Jumatatu ya tarehe nane askari walimpandisha Jethro kwenye lori wakampeleka huko kwenu Kisii. Kesi yake ni Jumatatu hii inayokuja. Wanasema akipatikana na hatia ya waya na ya fahali pamoja, atakaa ndani miaka, na kitambulisho chake cha kazi kitaandikwa maneno yatakayofanya shamba lolote lisimchukue tena. Na Persis ana mimba ya miezi saba.

Huyo Persis ndiye aliyenimaliza. Tangu siku ile, kila asubuhi alikuwa anakuja mlangoni kwangu na kunde au ndizi za kuchemsha, ananiamkia kwa adabu, na kunishukuru. Ananishukuru, Yakub! Anasema anajua mimi ndiye nyapara, mimi ndiye ambaye Bwana humsikiliza, na kwamba bila shaka nazunguka huku na huku nikimtafuta mwizi wa kweli ili mumewe atoke. Anasema kanisani wananitaja kwa jina katika maombi. Nami napokea ndizi. Siku ya tatu nilimjia juu, nikamwambia aache kunisumbua, kwamba mimi si hakimu wala malaika. Akaomba radhi akaondoka, na kesho yake akaja tena na ndizi. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na pofu, na Bwana, na tope, na Jethro mwenyewe kwa kuwa mwema kiasi kile. Watoto wangu walianza kunikwepa.

Umeshajua, au sivyo? Wewe hukuwa mjinga hata siku moja. Mwizi wa waya ni mimi.

Niliukata mwezi wa sita, Jumamosi, Jethro akiwa kanisani. Nitakueleza sababu, si kwa kujitetea. Unajua kwamba Nyanchera na mimi tumezaa watoto watatu lakini hatukuwa tumefanya enyangi, ile sherehe kubwa ya ndoa ya kwetu. Vita vilinichukua, nikarudi, kazi ikanichukua. Mwanamke asiyefanyiwa enyangi havai ebitinge, zile pete za chuma za miguuni, na kila alipokwenda kisimani kule Ekerenyo wanawake wenzake walimsikia akija kimya. Dada zake wadogo wote wanalia chwi chwi wakitembea, yeye miguu mitupu. Hakuwahi kunilalamikia. Lakini mwaka huu nilisema liwe liwalo, nikapeleka habari kwa baba mkwe, tarehe ikapangwa.

Ikabaki chuma. Mhunzi aliukataa waya wa dukani, akasema huo ni wa kutundikia nguo, utakatika kabla mwaka haujaisha. Alitaka mnene kama kidole cha mtoto. Na mzee baba mkwe ana neno lake la ukoo, kwamba chuma cha kuomba hakifungi ndoa. Mume akilete kwa mkono wake mwenyewe, asikiombe kwa mtu. Basi mimi, mtu mzima niliyezunguka dunia, nikakaa na kupiga hesabu ya kipumbavu: kuomba ni mwiko, kwa hiyo nitachukua. Nikaona kule kinamasini mnyama hajapita miaka mitatu. Nikapanda kigoda, nikakata pima mbili, nikaunga waya mwembamba, nikaupaka tope. Mhunzi hakuufua hata kidogo, aliuzungusha tu, ulikuwa unatosha. Mwezi wa saba Nyanchera akavalishwa ebitinge vinne, viwili mguu huu na viwili mguu huu. Ungalimwona alivyotembea siku ile! Alikwenda kisimani mara tano, na maji nyumbani yalikuwa tele.

Wiki iliyopita ilinishinda. Jumamosi nilikwenda kwa Bwana nikamwambia ni mimi. Unajua alifanya nini? Hakuamini! Alisema anajua sisi tunavyofichiana, kwamba mimi ni mtu mzuri na namlilia rafiki yangu. Akasema kama ni mimi, nilete waya aupime. Nikasimama pale kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Waya ulikuwa miguuni mwa mke wangu, na kwetu ebitinge haviondolewi mke akiwa na mumewe. Hukatwa mume akifa. Nikarudi nyumbani nikiwa nimesema ukweli na ukweli haukusaidia kitu. Siku tatu nzima nilizunguka na ua ule nikikaza waya ambazo hazikulegea.

Jana asubuhi Persis alikuja, lakini mara hii hakuja na ndizi. Alikaa chini mlangoni akalia, kwamba amesikia Jethro anaumwa kifua huko ndani. Alipoondoka, Nyanchera alikuwa anamenya ndizi za mchana. Hakuniangalia. Aliniuliza tu kwa nini kila mama huyu akija mimi natazama miguu yake yeye Nyanchera. Nikamwambia yote. Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi, akanawa, akaniuliza koleo liko wapi.

Nilimkatalia. Nikamwambia anajua maana yake, na watu watasema nini, na baba yake atasema nini. Nilipiga kelele, Yakub, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema kwamba yeye anaijua maana yake kuliko mimi, kwamba ebitinge hukatwa mume akifa, na mumewe alikufa siku ile Jethro alipopandishwa kwenye lori naye akasimama kando akanyamaza. Akasema amekuwa akimpikia maiti siku tisa. Kama humo ndani kuna mwanamume mwingine aliyebaki, basi atoke akate, na wataangalia baadaye kama wanaweza kuanza upya.

Nikakata. Nimekata waya maelfu kwa koleo hili, lakini vile vinne vilinichukua mpaka adhuhuri, kwa kuwa niliogopa kumwumiza. Mahali vilipokuwa pamebaki alama kwenye ngozi. Tukaenda pamoja kwa Bwana, yeye mbele amevibeba kwenye kitambaa, mimi nyuma.

Bwana aliupima waya kwa kibati chake mara nne. Akamtazama Nyanchera, akanitazama mimi. Halafu akasema jambo ambalo litanikera mpaka niingie kaburini. Alisema ghalani kuna roli nzima iliyoviringwa ya waya mnene ule ule, imebaki tangu ua ulipojengwa, inashika kutu, na kwamba ningeomba angenipa. Nikamwambia sikuweza kuomba. Akauliza kwa nini. Nikajaribu kumweleza habari za chuma cha kuomba, akatikisa kichwa, na nikijisikia nilivyokuwa nasema, hata mimi nilitikisa kichwa. Ameandika barua kwa ofisi ya DC kwamba Jethro hana hatia na aachiliwe. Mimi ameniweka hapa ghalani mpaka askari waje kunichukua. Nimekalia hiyo hiyo roli ya waya ninapokuandikia.

Sasa sikiliza ombi langu. Anayekukabidhi barua hii ni Nyanchera mwenyewe. Bwana alitaka kumtuma tarishi, lakini huyo angefika baada ya Jumatatu, kwa kuwa kila kilabu cha pombe njiani ni cha shangazi yake. Nyanchera akasema atakwenda yeye. Amebeba barua ya Bwana, na amebeba kile kitambaa. Kiswahili hakijui, na maofisini mwenu hakuna atakayemsikiliza akisema Kigusii, lakini wewe umekulia sokoni kati yetu na unakisema kuliko baadhi yetu. Nakusihi, funga duka, umpeleke kwa karani kabla ya Jumatatu, na usiondoke pale mpaka Jethro awe nje. Umpe Jethro maji ya moto, si chai. Mwambie nimesema nimekosa, na kwamba sitamwomba anisamehe kwa barua, nitamwomba mwenyewe tukionana, kama watatuonanisha mlangoni yeye akitoka na mimi nikiingia.

Nyanchera akikaa kwenye benchi lako ataficha miguu chini ya shuka. Tafadhali usimtazame miguuni. Na Ladan naye umwambie asimwulize.

Nikiwa ndani usije kunitembelea na nyama ya mbuzi kama kawaida yako. Njoo na habari za nyumbani. Mwanangu mkubwa akifika hapo na kaka yangu, mfundishe kuomba kitu anachokihitaji. Nisalimie Mama Hawo, mwambie Nyasani bado anaikumbuka sambusa yake. Nawasalimu wote walioniuliza, na hata ambao hawakuniuliza. Mola akulipe kwa miguu utakayoichosha.

Ni mimi nduguyo, niliyekuwa nyapara wa seng'enge,

Nyasani